Nililipwa Kuangalia Ndege

Ijumaa iliyopita Mwangi alicheka mpaka wali ukamtokea puani. Tulikuwa tumekaa chini tukiizunguka nailoni tuliyotandikia chakula, hapa chumbani kwetu Muaither, na mmoja wetu akaniuliza nilikuwa nikifanya kazi gani kabla ya kuja Doha. Mimi si mtu wa maneno mengi. Nilijibu kwa ufupi kwamba nilikuwa melini, bahari ya kusini kabisa, na kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma ya meli na kuangalia ndege.

"Ati nini?" Mwangi akauliza. "Ulikuwa unalipwa kuangalia ndege?"

"Ndiyo."

"Mluhya? Alipwe kuangalia ndege na asimle?"

Hapo ndipo wali ulipomtokea puani. Mugisha, yule dereva wa Uganda anayelala kitanda cha juu yangu, alianguka chali akashika tumbo. Mimi nilinawa mikono, nikapanda juu kwenye paa, nikakaa karibu na tangi la maji mpaka hasira ipungue. Haikupungua. Ndiyo maana ninaandika.

Sikukasirishwa na utani wa Mluhya na kuku. Utani huo niliukuta duniani na nitauacha. Kilichonikasirisha ni lile swali. Nimewahi kuulizwa swali hilohilo, karibu kwa maneno hayohayo, na mtu mwingine, naye pia alicheka. Siku hiyo tulimpoteza mtu.

Na kuna jambo jingine. Mwangi anaondoka mwisho wa mwezi huu. Hoteli yake imekataa kumwongezea mkataba, na kuna ajenti amempigia simu akamwambia kuna kazi ya meli za uvuvi huko kusini. Ameambiwa atakula samaki bure na ataiona dunia. Mwangi ni mtu wa Nyeri. Maji mengi aliyowahi kuingia ni ya bwawa la kuogelea la hoteli, tena akiwa ameshika brashi ya kulisafisha.

Basi Mwangi, na nyinyi wengine mnaosikiliza maajenti, someni hii. Najua wanaoandika kumbukumbu za kazi ni watu wenye mvi. Mimi ndevu zangu bado hazijajaa kidevu, na shule niliishia darasa la nane. Lakini nimestaafu bahari. Nimestaafu kabisa. Hata nikipewa meli yote iwe yangu, sirudi.

Kwanza, futeni ile picha ya bahari mliyo nayo. Hii ya Corniche, hapo ufukweni mwa Doha, mnayopigia picha siku ya mapumziko ni karai la maji. Huko ninakosema, upepo hauna nchi ya kuugonga ili utulie. Unazunguka dunia nzima ukija hivyohivyo, na mawimbi yanakuja nyuma yake kama vilima vya kwetu Vihiga, tofauti ni kwamba vilima vyetu havitembei. Meli inapanda kilima, inasimama juu kidogo kama mtu aliyesahau alichofuata, halafu inashuka. Unakula ukiwa umekumbatia sahani. Unalala umejibana kwa magoti. Baridi yake inaingia kwenye meno.

Meli yetu ilikuwa ya kuvua kwa ndoana. Kamba moja ndefu sana inatolewa nyuma ya meli huku meli ikienda, na kwenye kamba hiyo zimefungwa ndoana nyingi, kila moja na chambo chake. Wanaume wanasimama pale nyuma, mahali ambapo mabaharia huita tezi, wanatia chambo, wanatupa, wanatia, wanatupa. Mlango wa nyuma uko wazi na bahari iko pale pale, chini ya buti zako.

Sasa ndege. Ndege wa huko hufuata meli kama kuku wanavyomfuata mama aliyebeba ungo. Wanaona chambo kinaelea kabla hakijazama, wanakidaka, wanameza na ndoana. Kamba inazama nao. Ndege anakufa maji, na ndoana ile haitashika samaki tena. Kwa hiyo kunakuwa na mlingoti nyuma ya meli, na juu yake kamba nyingine yenye riboni za plastiki za rangi, inapeperuka juu ya maji pale chambo kinapoangukia. Ndege huziogopa zile riboni. Mtu mmoja anasimama kwenye mlingoti kuangalia ndege na upepo, aisogeze kamba, aikwamue ikijisokota. Mtu huyo alikuwa mimi. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu nilikuwa mwembamba na nilikuwa kimya, na serahangi, yaani mkuu wa mabaharia, aliona siwezi kutupa ndoana haraka.

Siku yangu ya kwanza nilifanya kosa ambalo ni mtu aliyekulia na kuku tu anayeweza kulifanya. Niliwaonea huruma. Niliwaona wanapiga kelele kwa njaa, na pembeni yangu kulikuwa na ndoo ya matumbo ya samaki. Nikachota nikawatupia, nikiwaita kwa ulimi kama tunavyowaita kuku nyumbani. Upande uleule wa ndoana!

Sijawahi kuona kitu kama kile. Anga yote ilishuka. Walitua juu ya kamba, juu ya riboni, mmoja alitua juu ya kofia ya serahangi. Nilitukanwa kwa lugha nne. Halafu nikasikia lugha ya tano, Kiswahili, kutoka kwa mtu mmoja aliyekuwa anacheka huku akipigana na ndege kwa buti lake.

"We dogo! Umeita ukoo mzima! Unafuga kuku humu?"

Hivyo ndivyo nilivyojuana na Kaka Shaibu. Alikuwa mtu wa Mtwara, na zamani alikuwa kondakta wa basi, na ule ukondakta haukumtoka. Aliimba vibaya. Alijiwekea sukari vijiko vingi kwenye chai na kudai ni dawa ya baridi. Alikuwa Mswahili pekee niliyemkuta melini, na bila yeye ningekaa miezi bila kufungua kinywa, maana hata hapa mnanijua nilivyo.

Ni yeye aliyenifundisha ndege. Majina yao ya vitabuni sikuyajua wakati ule, wala yeye hakuyajua. Wale wakubwa kabisa, weupe wenye mabawa marefu kuliko kitanda, ambao baadaye niliambiwa ni albatrosi, yeye aliwaita wenye kanzu. Hawapigi mabawa. Wanayafungua tu na upepo unawabeba, wanapita juu ya wimbi karibu walilambe, siku nzima, bila jasho. Wale weusi wadogo wanaozama kufuata chambo aliwaita vibaka. "Mwenye kanzu anaiba waziwazi kama tajiri," alisema. "Kibaka anakuibia mfukoni. Macho kwa kibaka."

Lakini somo lenyewe halikuwa la chambo. Siku moja alikuja akasimama nami pale mlingotini, akanigeuza mabega nitazame nyuma kabisa, mbali na riboni.

"Unamwona yule aliyekaa majini?"

"Namwona."

"Wimbi linakuja. Anafanya nini?"

Yule ndege alipanda na wimbi akiwa amekaa, akashuka nalo akiwa amekaa, kama abiria aliyelala.

"Hilo ni wimbi la kawaida," Shaibu akasema. "Linampandisha, linamshusha. Sisi pia litatupandisha na kutushusha. Lakini siku ukiona waliokaa majini wanafungua mabawa na kuanza kukimbia juu ya maji, wote, basi ujue nyuma yao kuna wimbi linalovunjika. Ndege halipandi hilo. Analikimbia. Na sisi hatuna mabawa. Hapo unapiga kelele: Shika! Kila mtu anaacha ndoana anashika chuma."

Nikajaribu kupiga kelele. Akaniangalia kwa huruma.

"Sauti gani hiyo, dogo? Unamwita mchumba uani? Piga kelele kama basi linaondoka na mkeo hajapanda!"

Alinifundisha mpaka sauti ikatoka. Nyinyi mnaonijua mtashangaa, lakini pale tezini nilikuwa na sauti. "Shika!" Wanaume wa nchi sita walilijua neno hilo la Kiswahili, na wakilisikia mikono yote ilienda kwenye chuma kabla akili haijauliza. Maji yalikuja, yakatufika kifuani, yakarudi, na sisi tulikuwa palepale. Serahangi, mtu mkali asiyesifu, alikuwa akinipa sigara ingawa sivuti. Nilimpa Shaibu.

Basi ndiyo hiyo kazi ya kuangalia ndege. Chekeni sasa.

Kulikuwa na somo moja zaidi. Shaibu alinipa siku tuliyokuwa tumekaa tu, meli imesimama kungoja dhoruba ipite. Aliniambia mtu akianguka baharini, wengine watatupa maboya, wengine watakimbia. "Wewe usikimbie. Wewe una kazi moja. Mwangalie, mnyooshee mkono, na usimwachie. Usigeuke hata mama yako akikuita. Kwenye maji haya kichwa cha mtu ni kama nazi moja. Ukipepesa macho, umempoteza. Na ukimpoteza mtu, watafute ndege. Chochote kinachoelea watakizunguka. Nyooshea ndege."

Sasa nifike kwenye ile siku, maana nimeizunguka kama ndege wenyewe.

Dhoruba ilikuwa imetuchelewesha. Kapteni alikuwa na haraka. Ndoana tulizozoea kuzitoa alfajiri, wakati ndege ni wachache, siku hiyo tulizitoa mchana, na ndege walikuwa wingu. Mtu mmoja wa kutia chambo alikuwa kitandani na homa. Kapteni alishuka mwenyewe kutoka chumba cha usukani, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, akaangalia kazi inavyokwenda polepole, akaniona nimesimama kwenye mlingoti na mikono yangu iko kwenye kamba ya riboni.

Akauliza kwa Kiingereza cha kuvunjikavunjika kama changu: Huyu nini? Huyu analipwa kuangalia ndege?

Akacheka. Watu wawili watatu wakacheka naye, kwa sababu ni kapteni.

Nikamwambia. Msifikiri nilinyamaza. Nilimwambia: Kapteni, wimbi. Ndege wanaonyesha wimbi. Akaniangalia, akafungua mikono akaipigapiga kama mabawa ya kuku, akacheka tena. Shaibu naye akaja, akaeleza kwa maneno na kwa mikono, na serahangi akaongeza neno lake. Kapteni aliinua kidole kimoja tu. Kamba ya riboni iingizwe ndani. Mimi niende mezani kutia chambo. Khalas, yaani imekwisha, kama wanavyosema hapa.

Kwenye meza ya chambo unaipa bahari mgongo.

"Usijali, dogo," Shaibu aliniambia, akirudi mahali pake kwenye mlango wa nyuma. "Nitawaangalia kwa jicho moja."

Lakini ndoana haikuachii jicho hata moja. Ukiitazama bahari, inakushika kidole. Nilimsikia nyuma yangu akiwatukana ndege, "Toka, kibaka! Toka!", na kelele za ndege zilikuwa nyingi kiasi kwamba tulikuwa tukiongea kwa ishara.

Halafu kelele zikakatika.

Siyo kwamba zilipungua. Zilikatika, kama mtu amezima redio. Nilielewa kabla sijageuka. Walikuwa wamekimbia. Nikapiga kelele kwa ile sauti aliyonipa yeye, "Shika!", na neno lilikuwa bado mdomoni wakati maji yalipotufunika.

Mimi nilijikuta nimekumbatia mguu wa meza. Maji yalipotoka kupitia matundu ya sitaha, niliona ndoo zikibiringika, niliona mtu anatapika, niliona mlango wa nyuma uko wazi na mahali pa Shaibu hakuna mtu.

Nilisimama. Nikaliona koti lake la rangi ya chungwa, mbali tayari, linapanda mgongo wa wimbi. Nikanyoosha mkono. Wengine walitupa maboya. Wimbi lililofuata likamficha, na lilipoondoka sikuona koti. Niliona maji tu, ya kijivu, kila upande yanafanana. Nikawatafuta ndege.

Wenye kanzu walikuwa wanarudi. Mmoja akageuka hewani, akarudi kuzunguka, kisha wa pili, kisha wengi, wote juu ya mahali pamoja. Nikanyooshea pale. Hapo sikuwa na kitu kingine duniani isipokuwa mkono wangu na wale ndege.

Na sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo hasira yangu inapokaa. Meli haikugeuka.

Kamba ya ndoana ilikuwa nje. Meli haiwezi kugeuka na kamba ile nyuma yake. Lazima ikatwe, na ikikatwa imepotea na ndoana zake zote. Nyuma yangu nilisikia serahangi anapiga kelele kuelekea juu, na kutoka juu nikasikia kipaza sauti cha kapteni kinajibu. Sikuelewa maneno yote. Nilielewa neno la kamba. Walilisema tena na tena. Kamba. Kamba. Hakuna aliyesema Shaibu. Na mimi nisingeweza kugeuka. Nilitaka kugeuka nimpigie kapteni kelele ambazo hajawahi kusikia, sauti nilikuwa nayo, lakini ningegeuka ningewapoteza ndege, na ningewapoteza ndege ningempoteza mtu. Nikabaki nimewapa mgongo, mkono juu, nikiwasikia wanapima kamba na mtu.

Mwisho nikasikia shoka. Ni serahangi aliyekata, bila amri. Kamba ile ilivyoachia ilipiga chuma kama risasi.

Ndipo meli ikaanza kugeuka, na meli kubwa hugeuka kama mgonjwa kitandani. Nilitembea kando kando ya ukingo nikigeuka nayo ili nisiachie, na mtu fulani, mpaka leo sijui ni nani, alinishika mkanda kwa nyuma nisianguke. Mvua ilinipiga machoni. Bega liliwaka moto, kisha likafa ganzi. Ndege walikuwa bado wanazunguka palepale. Hawakuniangusha.

Tulimfikia. Alikuwa anaelea chali, jaketi la kuokolea limemshikilia vizuri. Sitasema ndege walikuwa wanafanya nini. Nao wana njaa, na siwalaumu. Mabaharia walimvuta juu, serahangi akaweka vidole shingoni mwake, akaviacha pale, akaviacha tena. Kisha akainuka, akaja nilipokuwa, akanishusha mkono wangu kwa mikono yake miwili. Mimi mwenyewe sikujua kwamba bado uko juu.

Baridi ilimwua. Baridi huchukua muda, na muda tulikuwa nao. Ndege walimshikilia. Mimi nilimshikilia. Waliomwachia ni wale waliokuwa wakibishana juu ya kamba.

Baadaye ikasemwa kwamba hakujishika vizuri. Uzembe. Ndilo neno la ripoti iliyosomwa mbele yetu, kwamba marehemu alifanya uzembe. Mtu aliyefundisha meli nzima neno la kushika! Na mnajua kapteni alifanya nini siku ya kwanza tuliyotoa ndoana tena? Aliagiza kamba ya riboni irudishwe. Alinionyesha mlingoti kwa kidole. Safari hii hakucheka. Basi alijua. Ningeweza kumvumilia kapteni mjinga, lakini huyu alijua, na hilo ndilo linaloniamsha hapa Doha kabla ya saa ya dyuti.

Bandari ya kwanza tuliyoifikia nilishuka na begi langu. Huko ndiko kustaafu kwangu. Sasa nalinda geti la makazi fulani Umm Salal, na joto lake mnalolilalamikia nyinyi, mimi silisemi kwa ubaya hata siku moja.

Jana alasiri Mwangi alinifuata kwenye paa. Alikuwa na karaka mbili, ile chai ya maziwa ya hapa, kwenye vikombe vya karatasi, na Mugisha alikuwa nyuma yake.

"Bro, pole," akasema. "Ilikuwa utani tu. Mbona umenuna wiki nzima?"

Nikamsimulia. Fupi kuliko nilivyoandika hapa. Nilipomaliza akasema, "Lakini mkataba wa hapa umeisha. Nitaenda wapi?"

 Sina kazi ya kumpa. Nilimwambia aweke kikombe chini. Jirani yetu anafuga njiwa juu ya nyumba yake, na kila alasiri huwafungulia waruke. Walikuwa hewani wakati ule, kundi kubwa, wanazunguka juu ya matangi na madishi ya televisheni.

"Chagua mmoja," nikamwambia. "Yule mwenye bawa la kahawia. Mnyooshee mkono. Usimwachie mpaka atue."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Akanyoosha mkono, anatabasamu. Mugisha akaanza kumvuruga ili ageuke. "Mwangi! Mudir, bosi wako, yuko mlangoni! Mwangi, suruali imepasuka! Sebo, bwana, kuna msichana kwenye paa la pili, anakupungia!" Mwangi alicheka lakini aliendelea kuangalia. Kisha simu ikalia mfukoni mwake. Alijua ni ajenti, alikuwa akiisubiri tangu asubuhi. Akainamisha macho kuitazama, akayainua tena.

"Yuko wapi?" nikauliza.

Akawatafuta wale njiwa. Sasa wote walionekana wa kijivu.

"Amekufa," nikasema.

"Ah, ni njiwa bwana—"

"Amekufa, Mwangi. Chagua mwingine."

Tabasamu lilimtoka. Alichagua mwingine, mweupe, akanyoosha mkono. Mugisha alimpigia makofi masikioni, akamvuta shati, akamwita majina ambayo siwezi kuyaandika. Mwangi aligeuka taratibu na kundi, akizikwepa nguo zilizoanikwa, miguu ikitafuta njia yenyewe. Nilimshika mkanda kwa nyuma asijikwae kwenye mabomba. Simu ikalia tena. Ikalia mpaka ikakata, ikaanza upya. Akaushika kiwiko kwa mkono wa pili, lakini mkono haukushuka.

Mugisha akaliacha shati lake. Alisogea karibu yangu akaongea kwa sauti ya chini.

"Sebo, mwambie ashushe. Amechoka."

"Mwangi," nikauliza, "njiwa ametua?"

"Bado," akasema, bila kugeuka.

"Basi usiushushe."